Mwenye AS analindwaje na malaria, wakati SS anateseka? Wajuvi wa Tanga tuelezane

#1 Mwambani Junior
Wakuu salaam.

Nilipima damu kabla ya ndoa, majibu yakaja AS, yaani nimebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Sijawahi kulazwa kwa malaria tangu nizaliwe, na nimekulia Mwambani ambako mbu tunao wa kugawa. Nyumbani wazee husema damu ya ukoo wetu homa haiiwezi. Nilikuwa nachukulia ni maneno ya barazani tu.

Upande wa pili, mtoto wa dada yangu ni SS, yaani amerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Baridi ya Juni na Julai ikiingia analia mifupa usiku kucha, macho ya njano, na kuongezewa damu kwake ni jambo la kawaida. Nampenda sana yule mtoto, na hili jambo linaniuma.

Sasa naomba kueleweshwa. Inakuwaje kitu kilekile kinilinde mimi na kimtese yeye? Wanasayansi wameshajua kwa hakika namna kinavyozuia malaria, au bado wanakisia? Halafu nasikia Marekani wamepata tiba ya kuponya kabisa. Ni kweli au ni habari za vijiweni?

#2 Kisosora Finest
Naweka mkeka hapa. Wajuvi shukeni.

#3 Fundi Maabara
Mwambani, kwanza niambie ulipimwa kwa kipimo gani. Kuna kile cha kuchanganya tone la damu na kemikali na kuangalia kwenye hadubini kama seli zinajikunja. Hicho kinaonyesha kuwa S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya kabisa. Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya hemoglobini, au vile vipimo vya haraka vya siku hizi vya kidole.

Sasa msingi. Hemoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Kwenye selimundu imebadilika herufi moja tu ya kinasaba, na kwa sababu hiyo kiungo cha sita cha mnyororo wa beta kinakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na Vernon Ingram akaja kuonyesha tofauti yenyewe iko wapi, 1956 na 1957. Oksijeni ikipungua, hemoglobini S zinashikana na kuwa vijiti virefu, seli inapinda, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo. Maumivu ya mifupa ya mpwa wako ndiyo hayo.

AS ana hemoglobini A nyingi kuliko S ndani ya kila seli, kwa hiyo vijiti havipati nafasi ya kujijenga katika maisha ya kawaida. SS hana A kabisa.

Habari ya malaria imeanzia huku huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima watu mwaka 1949 akakuta AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ila nyanda za juu ni nadra. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba malaria ndiyo imekitunza kinasaba hiki, akitumia takwimu za Kenya, Uganda na Tanganyika.

#4 Msambaa wa Mlalo
Kumbe! Ndiyo maana sisi wa milimani damu zetu hazina shida. Mwambani, mtani wangu, panda Lushoto uoe huku, watoto watatoka salama na kabichi utakula bure.

#5 Bibi Nesi Mstaafu
Wewe Msambaa acha kumdanganya kijana wa watu. Ni kweli ukipanda Usambara malaria inapungua, na penye malaria kidogo S nayo huwa kidogo. Lakini watu wanahama, wanaoana. Nimefanya kazi wodi ya watoto huko huko milimani na watoto wa SS nimewapokea kwa mikono yangu. Jina la kabila halipimi damu.

Na wewe Mwambani, mwanangu, shika haya mawili. AS anapata malaria. Mbu anamng'ata, vimelea wanaingia, homa inaweza kupanda. Kinachopungua sana ni ile malaria kali, ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu. Tafiti zinataja kinga ya karibu asilimia 90 kwa upande huo. La pili, na hili nalisema kwa herufi kubwa: MTOTO WA SS HALINDWI. Malaria ikimkuta inaweza kumwondoa kwa kasi, kwa sababu damu yake yenyewe ni kidogo tangu mwanzo. Yule mpwa wako alale ndani ya chandarua kila siku ya Mungu, na homa yoyote kwake ni safari ya hospitali, siyo ya duka la dawa.

#6 Mwambani Junior
Shikamoo bibi, ahsante. Fundi, ilikuwa elektroforesisi.

Lakini swali langu la msingi bado. Kinamzuiaje?

#7 Dokta wa Duga
Nikupe maelezo tuliyofundishwa chuoni. Kimelea akiingia ndani ya seli ya AS anakula oksijeni na kuongeza asidi mle ndani. Hali hiyo inaifanya seli ijikunje, ingawa mwenyewe ni AS. Bandama inaiona seli mbovu, inaiondoa pamoja na kimelea kabla hajazaliana. Luzzatto na wenzake wa Ibadan walionyesha mwaka 1970 kwamba katika damu ya AS seli zilizoambukizwa hujikunja zaidi kuliko zisizo na kimelea. Kwangu hili ndilo jibu, mengine ni nyongeza.

#8 Fundi Maabara
Dokta wa Duga, kwa heshima, hilo ni jibu mojawapo. Malaria kali inaua kwa sababu seli zenye vimelea zinanata kwenye kuta za mishipa, hasa ubongoni. Kimelea anapeleka protini yake ya kunata hadi juu ya ngozi ya seli. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliangalia kwa hadubini ya elektroni wakaona kwamba kwenye seli ya kawaida kimelea anajijengea njia za aktini za kusafirishia mzigo huo. Kwenye seli zenye hemoglobini S au C (aina nyingine iliyobadilika) njia hizo zimevurugika. Protini haifiki ipasavyo, seli hainati sawasawa, ubongo unasalimika. Hii inaeleza vizuri zaidi kwa nini AS anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado anatembea mjini.

#9 Dokta wa Duga
Inaeleza ukali, haielezi kwa nini wingi wa vimelea nao uko chini kwa AS. Bandama inaeleza yote mawili.

#10 Mgosi wa Kwemkwazu
Mnagombania nini, si yote yanaweza kuwa kweli?

#11 Daktari Mtafiti Bgy
Niko Bagamoyo ila nyumbani ni Pangani, niruhusuni niingie.

Yapo maelezo mengine mawili hamjayataja. Miguel Soares na kundi lake kule Ureno walitoa kazi mwaka 2011 kwa kutumia panya waliowekewa hemoglobini S. Panya wale walikuwa na vimelea kama wenzao, lakini hawakufa kwa malaria ya ubongo. Hemoglobini S ilikuwa inavuja heme, ile sehemu yake yenye chuma, kidogo kidogo, mwili ukazoea kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja, na mazao ya kazi hiyo yakatuliza kinga ya mwili isiwake kupita kiasi. Yaani hapo kimelea hakuuawa. Mwili umejifunza kuvumilia. Ni panya, siyo watoto wetu, lakini ni wazo zito.

La pili ni oksijeni. Mwaka 2018 kuna watafiti walionyesha kuwa kimelea anakua vizuri tu ndani ya seli ya AS pale oksijeni inapokuwa ya kutosha, ila ikishuka kama inavyoshuka pale seli zinapojificha kwenye mishipa midogo, ukuaji wake unasimama.

#12 Binti Pongwe
Mimi nilisoma kwamba AS anazaliwa na kinga hiyo moja kwa moja. Ni sahihi?

#13 Daktari Mtafiti Bgy
Binti Pongwe, hapo ndipo jirani zetu wa Kilifi, Kenya, walipotushangaza. Thomas Williams na wenzake walifuatilia watoto pale na kuchapisha mwaka 2005. Kinga ya AS dhidi ya malaria ya kawaida ilikuwa kama asilimia 20 kwa watoto wa chini ya miaka 2, ikapanda hadi asilimia 56 walipokaribia miaka 10. Kama ingekuwa suala la seli kujikunja peke yake, ingekuwa sawa tangu utotoni. Kupanda kule kunaonyesha kwamba kinga ya kujifunza, ile ya kingamwili, inaingia mapema au kwa nguvu zaidi kwa mwenye AS.

#14 Dokta wa Duga
Au bandama inakomaa na umri. Usikimbilie kingamwili.

#15 Daktari Mtafiti Bgy
Sina hakika kwamba bandama ya AS inabadilika hivyo. Lakini nakubali kwamba takwimu zile hazitenganishi sababu.

#16 Mzigua Handeni
Wataalamu, kimelea naye amekaa tu kimya miaka yote hii? Sisi wakulima tunajua, dawa ukipiga shambani misimu kadhaa, mdudu anazoea.

#17 Daktari Mtafiti Bgy
Mzigua, umegusa penyewe. Gavin Band na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kazi ya watoto wenye malaria kali wa Gambia na Kenya. Waliwasoma vinasaba watoto NA vimelea wao. Wakakuta maeneo matatu kwenye vinasaba vya kimelea ambayo yakiwa ya aina fulani, kimelea yule anaonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wenye S. Yaani kinga ya AS inategemea pia ni kimelea gani amekuingia. Kwa nini aina hiyo inaiweza hemoglobini S, bado haijaelezwa hadi chini.

#18 Mwambani Junior
Kwa hiyo na mimi naweza kukutana na kimelea anayeijua damu yangu. Leo leo nakwenda kununua chandarua kipya.

#19 Sahare Kwetu
Naongeza jambo moja, lipo pwani yetu na halisemwi. Talasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya kurithi ya hemoglobini. Wengi wetu tunayo bila kujua, haina dalili au ina upungufu mdogo tu wa damu, nayo peke yake inalinda dhidi ya malaria kali. Ajabu ni kwamba mtu akiwa na AS na talasemia ya alfa kwa pamoja, kinga zinavunjana. Ni Kilifi hao hao, mwaka 2005 vilevile.

#20 Dokta wa Duga
Sahihi, na inaingia akilini: talasemia ya alfa inapunguza kiasi cha S ndani ya seli ya AS. S ikipungua, na kile kinachomsumbua kimelea kinapungua.

#21 Fundi Maabara
Ndiyo. Na kwa SS mambo yanageuka, talasemia ya alfa inaweza kumpunguzia kuvunjika kwa seli. Kitu kimoja, watu wawili, matokeo mawili. Mwambani ndilo swali lako lile la kwanza.

#22 Mdigo Halisi
Kilifi wana kitu kingine kinaitwa Dantu. Ni kundi la damu, siyo O wala A, ni jingine kabisa. Inasemekana pale Kilifi karibu mtu 1 kati ya 10 anayo, na kwingine duniani ni nadra mno. Kazi ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa Dantu inaukaza utando wa seli nyekundu, kimelea anashindwa kupenya. Sisi Wadigo tuko Mkinga na tuko Kwale, mpaka wa Horohoro umetukuta. Kwa vyovyote Dantu iko Tanga.

#23 Msambaa wa Mlalo
Mdigo sasa anataka na damu iwe yake peke yake.

#24 Fundi Maabara
Mdigo, "kwa vyovyote" ni neno kubwa. Inawezekana sana kwa sababu ya undugu wa pwani, lakini lazima ipimwe. Maabara zetu za kawaida zinapima ABO na Rh, Dantu hatuigusi.

#25 Mangi wa Mabawa
Nilisikia msikitini kwamba sikoseli imeletwa na Waarabu kwenye biashara. Kuna ukweli?

#26 Sahare Kwetu
Hapana. Kuna aina kadhaa za S kutokana na vinasaba vilivyo jirani yake: Benin, Senegali, Kameruni, Kibantu, na ya Uarabuni na India. Kwetu iliyo nyingi ni ya Kibantu. Zamani wengi walishikilia kuwa S ilizuka mara kadhaa sehemu tofauti. Mwaka 2018 Shriner na Rotimi walitoa hesabu zinazosema ilizuka mara moja tu, Afrika, miaka kama 7,300 iliyopita, kisha ikasambaa. Wapo wasiokubali.

Kitu cha maana kwa mgonjwa: wale wa aina ya Uarabuni na India mara nyingi wana hemoglobini ya mimba nyingi zaidi, na ugonjwa huwa mwepesi kidogo. Wa Kibantu huwa nayo kidogo.

#27 Mama Rayhan
Samahani, hemoglobini ya mimba ndiyo nini? Mimi mwanangu ni SS. Nasoma kila neno mnaloandika.

#28 Bibi Nesi Mstaafu
Karibu mwanangu. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini yake maalumu, inaitwa F. Haina shida ya kujikunja na inazuia zile S zisishikane. Akizaliwa inapungua taratibu, ndiyo maana mtoto wa SS miezi ya mwanzo anaonekana mzima, halafu kuanzia karibu miezi 6 vidole vinaanza kuvimba. Daktari mmoja wa New York, Janet Watson, aliliona hilo tangu 1948.

Rayhan yuko kwenye dawa ya haidroksiurea?

#29 Mama Rayhan
Aliandikiwa. Jirani akaniambia ni dawa ya kansa, itamharibu. Nikaiweka kabatini.

#30 Bibi Nesi Mstaafu
Ni kweli hutumika pia kwenye kansa ya damu, jirani hakudanganya hapo. Lakini kwa selimundu kazi yake kubwa ni kuipandisha hemoglobini F. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wa selimundu tangu 1998. Sisi tulikuwa na hofu: je, kwa mtoto wa Kiafrika mwenye malaria na lishe duni haitamshushia kinga?

#31 Daktari Mtafiti Bgy
Na hofu hiyo ilipimwa, Mama Rayhan. Utafiti wa REACH: watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, umri mwaka 1 hadi 10. Kwa upande wa Kenya ni Kilifi tena. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria yenyewe ikapungua karibu nusu. Kile tulichokiogopa kilikwenda upande wa pili. Lazima apimwe FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu) kwa ratiba ili dozi isimshushe seli nyeupe. Rudi kliniki uwaambie ukweli kwamba ulisitisha, wakuanzishie upya kwa vipimo. Usimpe kutoka kabatini.

#32 Mama Rayhan
Nitakwenda kliniki wiki hii. Mungu awalipe.

#33 Kijana Ngamiani
Sasa ile tiba ya Marekani jamani, nani anaijua?

#34 Dokta wa Duga
Inaitwa Casgevy. Uingereza waliidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba 8 mwaka huohuo. Ni matibabu ya kwanza duniani kuidhinishwa yanayotumia CRISPR, mkasi wa vinasaba uliowapa Charpentier na Doudna Nobeli ya kemia 2020. Wanachukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, wanakata sehemu inayoendesha BCL11A kwenye seli nyekundu. BCL11A ndiyo inayozima hemoglobini F mtoto akizaliwa. Ukiizima yenyewe, F inarudi. Angalieni uzuri wake: S hawajaigusa kabisa, wameamsha ya utotoni.

Mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa hivyo ni Victoria Gray wa Mississippi, 2019. Kwenye majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

#35 Kijana Ngamiani
Bei?

#36 Dokta wa Duga
Dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Zaidi ya shilingi bilioni 5. Ile tiba nyingine ya vinasaba ya selimundu, Lyfgenia, ni dola milioni 3.1.

#37 Mzigua Handeni
Basi tumekwisha.

#38 Bibi Nesi Mstaafu
Bei siyo kikwazo peke yake. Kabla ya kurudishiwa seli zilizokatwa, uboho wa zamani unaunguzwa kwa kemo. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Anakaa hospitali wiki nyingi bila kinga. Na 2023 iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea tu, wakati watoto wetu wengi tunawazika kabla ya miaka 5 kwa maambukizi ya bakteria ambayo penisilini ya vidonge ingeyazuia. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha penisilini ya kila siku inapunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Penisilini, jamani! Chandarua, foliki asidi, chanjo, kupimwa siku ya kuzaliwa. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Nikiwaza bilioni 5 za mtu mmoja, nawaza hao.

#39 Daktari Mtafiti Bgy
Bibi nakuheshimu, ila hapo tutofautiane. Tukisema Afrika ibaki na penisilini, wengine ndio watakaoendelea kugundua kwa damu yetu na kutuuzia. Tunahitaji vyote. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani na mfuko wa Gates walitangaza dola milioni 200 kutafuta namna ya kurekebisha vinasaba kwa sindano tu, bila kemo, kwa selimundu na VVU. Hiyo ikifika, itafaa Tanga kuliko Boston. Na pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia wagonjwa tangu 2004, ni moja ya makundi makubwa zaidi ya wagonjwa wa selimundu duniani. Msingi tunao.

#40 Bibi Nesi Mstaafu
Sikusema tubaki. Nimesema nani anatangulia.

#41 Sahare Kwetu
Kuna njia ya katikati hamjaitaja: kupandikiza uboho kutoka kwa ndugu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wameanza kuwapandikiza watoto wa selimundu tangu 2023. Anahitajika ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana tishu, na nafasi ya kila ndugu kulingana ni 1 kati ya 4. Ndugu mwenye AS anaweza kuchangia.

#42 Kijana Ngamiani
Na ile dawa ya vidonge, Oxbryta? Shangazi yangu yuko Uingereza aliisifia.

#43 Dokta wa Duga
Iliondolewa sokoni dunia nzima na watengenezaji wake, Pfizer, Septemba 2024, baada ya takwimu kuonyesha vifo na mashambulio ya maumivu yanayotia wasiwasi. Ndiyo maana nasema si kila kinachoitwa maendeleo ni cha kukimbilia.

#44 Bibie Raskazone
Niwatoe nje ya mada kidogo. Mdogo wangu ana lupasi, kinga yake inamshambulia mwenyewe, seli za damu zinashuka. Mwaka 2025 nilisikia Nobeli ya tiba imetolewa kwa mambo ya kinga. Inahusiana?

#45 Daktari Mtafiti Bgy
Pole kwa mdogo wako. Inahusiana sana. Walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi. Sakaguchi wa Japani alionyesha mwaka 1995 kwamba kuna seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) maalumu ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za kinga zisiushambulie mwili. Wakati ule wengi hawakutaka kusikia. Brunkow na Ramsdell mwaka 2001 wakapata kinasaba chake, FOXP3, kupitia panya waliokuwa wakifa wadogo kwa kinga kuwageuka, na watoto wa kiume wenye ugonjwa wa nadra unaofanana na huo. Sasa wanajaribu kuziongeza seli hizo kwa wagonjwa wa aina ya mdogo wako.

Kwa lupasi kuna jambo jingine kubwa: Erlangen, Ujerumani, walichukua seli T za wagonjwa, wakazifundisha kufuta seli B zinazotengeneza kingamwili mbaya. Wagonjwa 5 wa kwanza waliochapishwa 2022 wote walitulia na kuacha dawa. Ni wachache, na gharama ni kubwa, lakini ni mara ya kwanza naona watu wa lupasi wakiacha dawa zote. Mdogo wako asiache zake.

#46 Bibie Raskazone
Hawezi kuacha, nalala naye chumba kimoja. Ahsante sana.

#47 Mgosi wa Kwemkwazu
Tusisahau mkoa wetu nao umetoa. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo miongoni mwa vituo 11 vya nchi 7, WHO ikaipitisha Oktoba 2021. Ya pili, R21, Bagamoyo tena, ikapitishwa Oktoba 2023. Mtoto wa kaka yangu alikuwa kwenye majaribio ya Korogwe. Mama yake alisemwa kijijini kwamba ameuza damu ya mtoto. Leo nikiona dunia inaichanja Afrika, namkumbuka shemeji yangu kwa heshima.

#48 Mwambani Junior
Sasa nirudi kwenye ndoa yangu. Mchumba majibu yake bado. Akiwa AS, shehe mmoja ameniambia tukizaa wanne, mmoja ndiye atakuwa SS, kwa hiyo watatu wako salama.

#49 Fundi Maabara
Hapana! Hesabu hiyo imewaliza wengi. Kila mimba inaanza upya, kama kurusha sarafu mbili: nafasi ya SS ni robo, AS nusu, AA (asiye na S kabisa) robo, kila mara. Unaweza kupata wanne wote SS, unaweza usipate hata mmoja.

#50 Mangi wa Mabawa
Mimi ningeshauri serikali ikataze AS kuoa AS.

#51 Binti Pongwe
Mangi, mimi na mume wangu wote AS, tulijua, tukaoana. Watoto wetu walipimwa walipozaliwa. Tupewe elimu na vipimo, siyo katazo. Na kwa akina dada wa SS wanaotaka kuzaa, WHO ilitoa Juni 2025 mwongozo wake wa kwanza wa ujauzito kwa wenye selimundu. Nao wana haki hiyo.

#52 Dokta wa Duga
Naunga mkono. Na Daktari wa Bagamoyo, ule mjadala wa bandama hatujaumaliza.

#53 Daktari Mtafiti Bgy
Hatujaumaliza. Niletee utafiti unaotenganisha bandama na kingamwili kwa watoto wa AS, nitausoma usiku huohuo.

#54 Mama Rayhan
Bibi, kabla uzi haujahamia mambo mengine. Kliniki waliniambia niwe namshika Rayhan tumbo kuangalia bandama, sikuelewa nashikaje.

#55 Bibi Nesi Mstaafu
Mlaze chali akiwa ametulia, magoti yamekunjwa kidogo. Weka vidole vyako bapa upande wa kushoto wa tumbo, anzia chini karibu na kitovu, panda taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku anapumua. Bandama ikiwa imekua utahisi ukingo mgumu ukigusa vidole. Mwombe nesi akuonyeshe mara ya kwanza na akuambie ya Rayhan kwa kawaida inafika wapi, kisha angalia kila siku wakati wa kumwogesha. Ikiwa imekua ghafla, na amepauka midomo na viganja, anahema, amelegea, usisubiri asubuhi: damu imekwama ndani ya bandama, anahitaji kuongezewa saa hiyohiyo. Jamaika waliwafundisha akina mama jambo hili miaka mingi iliyopita na vifo vya namna hiyo vilishuka sana. Na baba yake mfundishe pia, isije ikatokea usiku wewe haupo.